Afya: mwanamke mwenye ugonjwa wa sklerosi anaweza kuzaa

Kwa miaka mingi, waganga wengi walimwambia mwanamke mwenye ugonjwa wa sklerosi, unaoitwa kwa kifupi SEP, asibebe mimba. Waliogopa kwamba mimba ingeharakisha ulemavu. Leo shauri hilo limebadilika.

Katika ugonjwa huu, askari wa mwili wanaopaswa kupigana na vijidudu hugeuka na kushambulia ngozi inayofunika mishipa ya fahamu, ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Mgonjwa huona ukungu machoni, huhisi ganzi, miguu hukosa nguvu na uchovu haumwachi. Dalili huja, hutulia, kisha hurudi. Ugonjwa huonekana zaidi Ulaya na Amerika ya Kaskazini kuliko Afrika. Hushika wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, na mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, yaani wakati wa kuzaa.

Mwaka 1998, watafiti wakiongozwa na Mfaransa Christian Confavreux, wa mji wa Lyon, walitangaza matokeo ya kufuatilia wanawake 254 katika nchi 12 za Ulaya. Kabla ya mimba, wanawake 10 walipata mashambulio 7 hivi kwa mwaka. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, kiwango kilishuka hadi 2. Lakini katika miezi mitatu ya kwanza baada ya kuzaa kilipanda hadi 12, kisha kikarudi kama zamani. Hata hivyo, wengi wao hawakupata shambulio lolote katika miezi hiyo migumu.

Sababu ni hii: mtoto aliye tumboni ana nusu ya urithi wa baba, kwa hiyo mwili wa mama hutuliza askari wake ili wasimkatae. Akisha kuzaliwa, homoni za mimba hushuka ghafla na askari huamka tena.

Ugonjwa wenyewe haumzuii mwanamke kushika mimba. Mtoto pia harithi ugonjwa moja kwa moja: kati ya watoto 100 wa mama wagonjwa, wawili hivi tu ndio huupata baadaye. Kunyonyesha kunaruhusiwa, na tafiti kadhaa zinaonyesha kwamba kunaweza kumlinda mama.

Hatari kubwa iko kwenye dawa. Baadhi, kama teriflunomide na fingolimod, zinaweza kudhuru mtoto tumboni. Kwa hiyo mama azungumze na mganga wake kabla ya kushika mimba. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, maana ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu.

Kwa jamaa, kazi huanza mtoto akizaliwa. Miezi mitatu ya kwanza, mama apate usingizi, asaidiwe kubeba maji na kulea mtoto. Akianza kulalamika ganzi au macho, asiambiwe kwamba ni uchovu wa uzazi tu. Apelekwe kwa mganga mara moja.