Kwa Nini Garimoshi Halikupanda Milima ya Karagwe

Mwanafunzi aliyetoka Karagwe kwenda kusoma Dar es Salaam katika miaka ya 1960 alisafiri kwa vyombo vitatu. Aliteremka kwa gari hadi Bukoba, akavuka ziwa kwa meli, pengine M.V. Victoria iliyoanza kazi mwaka 1961, na kule Mwanza akapanda garimoshi lililopitia Tabora, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Reli hiyo ilifika Mwanza mwaka 1928. Huko Karagwe, na Kyerwa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012, haikulazwa reli hata moja.

Si kwamba nchi za magharibi ya ziwa zilisahauliwa. Mwaka 1914 Wajerumani walianza reli kutoka Tabora kuelekea mpindo wa Mto Kagera, kusini ya Karagwe. Vita vya mwaka huohuo vikaikatiza. Lakini vita havielezi yote. Fizikia nayo ina neno.

Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halibonyei sana, hivyo halipotezi nguvu nyingi. Ili kuvuta tani moja polepole mahali tambarare, yatosha nguvu inayolingana na uzito wa kilo 2 hivi. Tairi la mpira, ambalo hubonyea na kujirudi kila linapozunguka, lahitaji kama kilo 10. Ndiyo sababu mjini Mombasa, mwanzoni mwa karne ya 20, abiria waliweza kupanda troli zilizosukumwa na watu juu ya reli za mitaani.

Sasa njia na ipande mita 1 katika kila mita 50. Uzito wa tani ile huvuta nyuma kwa kilo 20, chombo kiwe chochote. Lori lililohitaji 10 lahitaji 30, yaani mara tatu. Garimoshi lililohitaji 2 lahitaji 22: mara kumi na moja! Tena ulaini uleule wa chuma uliofaa tambarare sasa ni adui. Magurudumu ya injini huteleza, hasa kukiwa na umande, na dereva hulazimika kumwaga mchanga relini.

Migongo ya Karagwe imelala kaskazini-kusini, na reli itokayo ziwani ingeikuta mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja ungetaka mzunguko mrefu au handaki, na vyote viwili ni ghali mno kwa mizigo ya kahawa ya msimu.

Darasani, mwalimu aweza kufunga gari dogo la magurudumu mepesi kwenye mizani ya springi, kulivuta juu ya ubao ulio sawa, kisha kuinua ncha ya ubao sentimita 2 kwa kila mita ya urefu wake. Wanafunzi waandike vipimo vyote viwili.