Goti limesagika? Uliza kabla ya kamera

Ukiambiwa goti lako litapasuliwa kwa kamera, muulize daktari ni kwa tatizo gani hasa. Kijana aliyeumia mpirani, gegedu likachanika na goti likakwama halikunjuki, upasuaji huo wa matundu madogo humfaa sana. Lakini mama wa miaka 60 aliyesagika goti? Mwaka 2002 madaktari wa Houston, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 180: waliosafishwa goti hawakupata nafuu kuwazidi waliochanjwa ngozi tu. Mazoezi ya misuli ya paja na kupunguza uzito vingemfaa zaidi, tena bila kumaliza akiba ya familia.

Mtoto mwenye homa na goti lililovimba ghafla, hataki kukanyaga, mpeleke hospitali leo hii. Usaha huharibu gegedu ndani ya siku chache.