Njia ya misafara na ardhi inayotikisika

Majuzi nilikuwa Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, nikamkuta mzee mmoja uani kwake akianika matofali mabichi. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza: "Mwanangu, hizo habari zenu za redioni za tetemeko na mawimbi ya bahari zinatuhusu nini sisi Wanyamwezi? Bahari iko Bagamoyo huko!"

Swali hilo ni la haki, na leo nalijibu mbele ya wote.

Babu zetu walibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji, wakapita Unyanyembe, wakashuka hadi Bagamoyo. Tabora ilikuwa katikati ya njia. Basi katika habari za tetemeko, Tabora iko katikati vilevile. Chini yetu umelala mwamba mkongwe, wenye umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu. Mmeona mbuga inavyopasuka wakati wa kiangazi? Ufa ukikutana na jiwe kubwa haulipasui, hulizunguka. Ndivyo Bonde la Ufa lilivyofanya. Tawi moja limepita mashariki, kwenye maziwa ya Natron na Manyara. Jingine limepita magharibi, kwenye Ziwa Tanganyika na Rukwa. Ardhi inaachana kwa milimita chache tu kila mwaka, lakini miamba hukabana kwa muda mrefu, kisha huachia ghafla. Kule kuachia ndiko tetemeko.

Upande wa Ujiji ushahidi upo. Tarehe 13 Desemba 1910 Rukwa ilitikiswa na tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kupimwa Afrika. Tarehe 5 Desemba 2005 likapiga jingine la 6.8 chini ya Ziwa Tanganyika. Nyumba zilianguka Kalemie, ng'ambo ya Kongo, na mtikisiko ukasikika hadi Nairobi.

Upande wa Bagamoyo adui hutoka mbali. Sakafu ya bahari ikiinuka ghafla, maji yote yaliyo juu yake huinuka nayo. Wimbi hilo, liitwalo tsunami, hukimbia kwenye kina kirefu kwa kasi ya ndege, na likifika maji mafupi hupunguza mwendo na kuongeza kimo. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la 9.1 lilipiga Sumatra, saa kumi kasoro dakika moja alfajiri kwa saa zetu. Wimbi lilifika kwetu mchana. Saa zaidi ya saba zilikuwepo za kuwaondoa watu majini, lakini Bahari ya Hindi haikuwa na mpango wa tahadhari. Tanzania tulipoteza watu wasiopungua 10. Kenya, ambako polisi waliwaondoa watu ufukweni, alikufa mmoja.

Wala si jambo geni. Katika Ghuba ya Pangani wataalamu wamefukua mabaki ya kijiji cha Waswahili kilichofunikwa na mchanga wa wimbi la namna hiyo miaka 1,000 hivi iliyopita. Mifupa ya watu ilikutwa humo humo kwenye mchanga, bila dalili ya maziko.

Leo tahadhari ipo: tangu mwaka 2013 Australia, India na Indonesia hutuma taarifa kwa nchi zote za bahari hii. Lakini taarifa isiyomfikia muogeleaji haimwokoi. Kisiwa cha Simeulue, karibu kabisa na chanzo cha tetemeko la 2004, kilikuwa na watu zaidi ya 70,000, na waliokufa ni 7 tu. Wazee wao walikuwa wamewasimulia wimbi la mwaka 1907: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani, usisubiri kuambiwa.

Sasa nirudi kwa mzee wangu. Mwamba wetu ni mgumu, ndiyo, lakini mtikisiko husafiri. Bukoba haiko baharini, wala haiko kando ya ufa mkuu. Hata hivyo, tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la 5.9 liliua watu 17 Kagera na kubomoa majengo ya shule za Ihungo na Nyakato. Aghalabu tetemeko lenyewe haliui; kinachoua ni ukuta. Kwa hiyo, anayejenga aweke msingi imara, afunge pembe za kuta vizuri, azungushe linta ya zege nyumba nzima, na kenchi zifungwe kwenye linta hiyo. Ukikutwa ndani, jikinge chini ya meza imara. Ukiwa nje, kaa mbali na kuta.

Na tusisahau watoto wetu. Mmoja anavua Kigoma, mwingine ni mchuuzi Kariakoo na Jumapili anapunga upepo ufukweni. Njia ya babu zao wanaifuata kwa treni na basi.

Mzee alinyamaza kidogo, akageuza tofali upande wa pili lipate jua. "Nina mjukuu Dar es Salaam," akasema. "Nikimpigia simu jioni nitamwambia: ukiona bahari inaondoka, usiifuate kuokota samaki. Geuka ukimbie."

Nawe, msomaji, mwambie wako.