Shubiri Haisafishi Kizazi

Hapa Turkana, kuanzia Todonyang hadi Kakuma, swali ni lile lile: msichana anayeumwa na tumbo la hedhi anywe shubiri kiasi gani ili kizazi kisafike? Asinywe hata kijiko kimoja, wala sisemi hivyo kwa kudharau mitishamba. Kizazi hakina uchafu wa kusafishwa. Ukuta wake wa ndani unapobomoka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo hukaza misuli na kubana mishipa ya damu. Msuli uliopungukiwa na damu huuma. Utomvu wa njano wa mshubiri, mmea ambao Waturkana huuita echuchuka, una aloini, dawa kali ya kuharisha inayochokoza utumbo mpana. Kwa hiyo kinachosafishwa ni utumbo: hutoka choo, maji na potasiamu, na msokoto wa utumbo unaongezwa juu ya ule wa kizazi. Katika joto la Lodwar, kumharisha mtu anayetokwa na damu ni kumzidishia udhaifu. Na kama ana mimba asiyoijua, shubiri haimfai kabisa.

Wengine watasema bibi zetu waliinywa wakapona. Lakini maumivu ya hedhi kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya siku 2 au 3, hivyo chochote kinachonywewa siku ya kwanza kitasifiwa siku ya tatu. Dawa hujulikana kwa kuwalinganisha walioinywa na wasioinywa. Unga wa tangawizi umepimwa hivyo, na katika majaribio kadhaa umepunguza maumivu. Mmea haukataliwi kwa kuwa mmea, unaulizwa ushahidi.

Yanayofaa ni haya. Kanda tumbo kwa chupa ya maji moto. Mtu mzima anywe ibuprofeni miligramu 400 baada ya chakula, kila baada ya saa 8, mara maumivu yanapoanza, asizidishe siku 3. Msichana mdogo apimiwe dozi kituoni. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu, mimba au upungufu wa maji mwilini asiinywe bila kumwona mhudumu wa afya. Ibuprofeni haileti utasa. Vidonge vya uzazi wa mpango pia hutuliza. Lakini maumivu yanayozidi mwaka hadi mwaka, yanayobaki baada ya hedhi, au yenye homa na ute unaonuka, yapelekwe zahanati, na ikibidi hospitali ya rufaa ya Lodwar: endometriosisi, yaani tishu kama za ukuta wa ndani wa kizazi kuota nje yake, humpata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa, na kila mwezi wa shubiri ni mwezi wa kucheleweshewa matibabu.