Linux kwa Mpenda Riwaya

Ukiwasikiliza watu wa kompyuta wakizungumzia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, utadhani ina watumiaji wa aina mbili tu: mhandisi anayelinda seva za benki, na kijana anayekesha akibishana kama aina ya Linux iitwayo Debian inaipita Fedora. Mtu anayefungua kompyuta jioni asome sura mbili tatu za riwaya kisha akalale hatajwi kabisa. Kwa maoni yangu, huyo asiyetajwa ndiye anayeweza kuifaidi kuliko hao wote.

Malalamiko yanayosikika mitaani dhidi ya Linux yana ukweli wake. Photoshop haina toleo la Linux. Michezo kadhaa ya mtandaoni inakataa. Mhasibu aliyezoea Excel atakuta LibreOffice imemvurugia baadhi ya majedwali. Lakini msomaji wa riwaya anataka nini? Maandishi, herufi anazoweza kuzikuza macho yakichoka, alama ya pale alipoishia, na mashine isiyomkatiza katikati ya sura ikimtaka asubiri masasisho. Hayo Linux inayatimiza hata kwenye kompyuta ambayo wengine wameshaitupa.

Na huenda tayari anaitumia bila kujua. Linus Torvalds alipoutangaza mradi wake Agosti 1991, akiwa mwanafunzi huko Helsinki, aliueleza kuwa wa kujifurahisha tu. Leo kiini cha mfumo huo kimo ndani ya simu za Android, na kimo pia ndani ya Kindle na Kobo, vile vifaa vya kusomea vitabu. Anayesema Linux ni ngumu kwa mtu wa kawaida huenda ameisema kauli hiyo huku ameishika mkononi.

Suala la mashine za zamani nalo si dogo. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo kompyuta nyingi za mitumba hazina. Kompyuta hizo bado zinauzwa Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi. Linux Mint, mojawapo ya aina za Linux, huanza kufanya kazi ikiwa na RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndizo zinazopendekezwa. Iwekwe kwenye flashi, kompyuta iwashwe kutoka humo, ijaribiwe bila kugusa kilichomo kwenye diski. Wi-Fi ikigoma hapo, na kwa baadhi ya chipu za Broadcom hugoma, umeshajua kabla hujafuta chochote.

Tuje kwenye kitabu chenyewe, maana hapo ndipo penye mambo. Chukua kitabu cha kidijitali kilicho katika faili la EPUB lisilo na kufuli la muuzaji, badilisha mwisho wa jina lake uwe .zip, kisha lifungue. Ndani utakuta sura za riwaya zikiwa kurasa za tovuti za kawaida, faili la mtindo linaloeleza herufi na aya zikae vipi, picha ya jalada, na faili linalotaja sura ipi itangulie ipi. Basi. Hakuna siri ya kampuni yoyote. EPUB ilipitishwa kuwa kiwango cha pamoja mwaka 2007, na tangu 2017 iko chini ya W3C, chombo kile kile kinachosimamia viwango vya wavuti. Kwa kuwa ndani yake hakuna ukurasa uliopimwa, maneno hujipanga upya kufuata upana wa skrini. PDF ni kinyume chake: ukurasa umeshagandishwa, na ukiufungua kwenye skrini ya inchi sita unabaki kuusukuma kushoto na kulia kila mstari. Wengi wanaosema hawawezi kusoma riwaya kwenye skrini, ukiwadadisi, wamesoma PDF tu.

Programu inayotumika sana kupanga vitabu vya aina hii ni calibre, na asili yake inapendeza. Mwaka 2006 Kovid Goyal, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu California, alikuwa na kisomaji cha Sony kiitwacho PRS-500. Programu ya Sony ya kuingizia vitabu haikufanya kazi kwenye Linux, na yeye alikuwa mtu wa Linux. Akachunguza jinsi kifaa kinavyowasiliana na kompyuta kupitia waya wa USB, akaandika programu yake mwenyewe. Aliiita libprs500, jina ambalo mpenda riwaya gani angelikumbuka? Mwaka 2008 ikawa calibre. Husemwa kila siku kwamba Linux hufuata nyuma ikiokota kilichotengenezwa kwa ajili ya wengine. Hapa wenye Windows na Mac ndio wanaotumia kilichoanzia upande wa pili. Sura ya calibre haipendezi, imejaa vitufe tele, kwa hiyo mimi huiachia kazi ya kupanga na kubadilisha mafaili, na kusoma nikasomea Foliate, programu tulivu inayokuonyesha kitabu na kukuacha nacho.

Kinachomkwaza kweli msomaji wa Linux ni kufuli. Maduka mengi huuza riwaya ikiwa imefungwa kwa usimbaji, na ufunguo unakaa ndani ya programu ya muuzaji. Adobe Digital Editions, inayofungua vitabu vingi vya namna hiyo, ina toleo la Windows na la Mac. La Linux hakuna. Mtu amelipa fedha halali, kitabu hakifunguki, lawama zote zinaiangukia Linux. Si haki. Aliyefunga mlango ni mwingine.

Na kufuli hilo haliwahusu wa Linux peke yao. Julai 2009 Amazon ilifuta nakala za riwaya mbili za George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokwisha kuzinunua, kwa sababu aliyeziweka sokoni hakuwa na haki ya kuziuza. Moja ilikuwa 1984. Ya pili ni ile ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Shamba la Wanyama, kwa tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Fedha zilirudishwa na mkuu wa kampuni wakati huo, Jeff Bezos, akaomba radhi. Lakini funzo la kiufundi lilibaki: kitabu kilichofungwa kinaweza kuondoka nyumbani kwako usiku bila kubisha hodi. Februari 2025 kampuni hiyo hiyo iliondoa njia ya kupakua vitabu vya Kindle kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya. Ndiyo maana mimi hutafuta kwanza wachapishaji wasiofunga. Tor, wa riwaya za kisayansi na za kubuni ulimwengu mpya, waliachana na kufuli mwaka 2012. Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, hutoa bure vitabu ambavyo hakimiliki yake imekwisha Marekani, vingi vikiwa vya Kiingereza.

Kwa msomaji wa Kiswahili shida ni nyingine. Riwaya zetu nyingi hazijawahi kuwa EPUB. Zinazozunguka WhatsApp ni PDF za picha, kila ukurasa umepigwa skani, na mara nyingi mwandishi au warithi wake hawakuulizwa. Hilo silitetei. Lakini kama una nakala yako halali ya aina hiyo, KOReader, programu huria inayofanya kazi kwenye Linux, Android, Kobo na Kindle nyingi zilizoondolewa vizuizi vya Amazon, huyakata maneno mojamoja kutoka kwenye picha na kuyapanga upya ili yaenee kwenye skrini ndogo. Matokeo si safi, ila yanasomeka.

Ukitaka maandishi halisi, ipo Tesseract, programu inayogeuza picha ya ukurasa kuwa maandishi, iliyoanzia maabara za HP miaka ya 1980 na kuachiwa umma mwaka 2005. Ina data ya Kiswahili, kwa hiyo kitabu chako kilichochanika unakipiga picha, unaielekeza Tesseract kwa alama ya swa, nayo inakurudishia maneno. Kagua kiapostrofi cha ng', ndicho hupotea au hubadilika umbo. Na programu nyingi za kutafuta hazikioni kiapostrofi kilichopinda kuwa sawa na kilichonyooka, ukitafuta ng'ombe humpati.

Baada ya hapo hata macho yanaweza kupumzika. Programu ya eSpeak NG husoma Kiswahili kwa sauti, na haipati taabu sana, kwa kuwa sisi tunaandika kama tunavyotamka na mkazo karibu kila mara hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Sauti yake ni ya chuma. Maelezo ya mandhari huyamudu. Mazungumzo ya makuli katika riwaya za Adam Shafi yakipita humo, wote wanasikika kama karani mmoja akisoma taarifa ya mwaka.