Seva moja, saini mbili
Ukitoka Ngara kwenda kufungua akaunti ya benki Biharamulo, huenda ukaombwa barua ya mtendaji wa kijiji. Karani haendi kijijini kwako. Anaangalia muhuri na saini, basi. Mtandaoni barua hiyo ni tokeni: seva ya utambulisho huisaini kwa ufunguo wa siri, mifumo mingine huihakiki kwa ufunguo wa wazi.

Sasa, algoriti mbili za nini? Mifumo mingi ya zamani inajua RS256 tu. Kwa ufunguo wa RSA wa biti 2048, saini yake ni baiti 256. Ya ES256 ni 64 tu, na tokeni husafiri na kila ombi. Huwezi kuhamisha mifumo yote kwa siku moja, kwa hiyo seva hutangaza funguo zote mbili, kila mmoja na kitambulisho chake.

Ila hapa ndipo watu huumia. Kichwa cha tokeni hutaja algoriti yake. Tapeli huandika HS256, inayotumia ufunguo uleule kusaini na kuhakiki, kisha anasaini kwa ule ufunguo wa wazi ulioko hadharani. Mfumo ukifuata kichwa, tokeni feki inapita. Mwaka 2015 maktaba kadhaa za programu zilikutwa na kasoro hiyo. Yaani barua inamwelekeza karani namna ya kuikagua! Kwa hiyo ukiandika mfumo unaopokea tokeni, weka mwenyewe orodha ya algoriti unazokubali, na kila ufunguo uufunge na algoriti yake.