Picha Iliyokaa Gizani

Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Rochester, Marekani, ilianza kuuza kamera iitwayo Brownie, iliyolengwa hasa kwa watoto. Bei yake ilikuwa dola 1, na haikuwa na mengi: boksi la kadibodi, lenzi moja, kilango cha kuruhusu mwanga kitambo kidogo, na mkanda. Kamera za plastiki tulizozishika utotoni ni wajukuu zake. Unasogeza mkanda, unachungulia, unabonyeza, basi. Ninachokumbuka zaidi ni kule kusubiri. Mkanda wa picha 36 ulikaa ndani tangu harusi ya shangazi hadi Krismasi, na ole wake mtoto atakayeifungua kamera, maana picha zote zingeungua.

Muda wote huo picha zilikuwa wapi? Mwingereza William Henry Fox Talbot aligundua mwaka 1840 kwamba karatasi iliyopata mwanga kidogo tu, isiyoonyesha kitu, hutoa picha ikipakwa dawa. Kueleza jambo hilo kulichukua karibu miaka 100.

Mkanda una utando wa gelatini uliotapakaa fuwele ndogo mno za bromidi ya fedha. Mwanga ukiipiga fuwele, elektroni hubanduka na kunaswa mahali penye dosari. Chembe ya fedha huifuata, na hapo huzaliwa atomu moja ya fedha halisi. Zikikusanyika kama 4 hivi mahali pamoja, fuwele imeshatiwa alama. Wanafizikia Ronald Gurney na Nevill Mott ndio waliolieleza hilo mwaka 1938. Alama hiyo haionekani kwa jicho, lakini dawa ya kusafishia huitambua: huigeuza fuwele nzima, yenye mabilioni ya atomu, kuwa fedha nyeusi, na kuziacha zile ambazo hazikuguswa. Ndiyo maana lenzi duni na kidole cha mtoto vilitosha.

Sehemu inayonifurahisha kuliko zote ni ya ng'ombe. Gelatini hutokana na ngozi na mifupa yao, na viwandani iliwasumbua watu kwamba gelatini nyingine ilifanya mkanda uwe mwepesi wa kudaka mwanga, nyingine ukawa mzito. Samuel Sheppard wa maabara ya Kodak alitoa jibu mwaka 1925: ni salfa, ya aina ipatikanayo katika mafuta ya haradali, mimea ambayo ng'ombe huila malishoni. Salfa hiyo huweka vidoa juu ya fuwele, na vidoa hivyo ndivyo vinavyonasa elektroni.

Na alama ikishaingia, hudumu. Mwaka 1897 Wasweden watatu, wakiongozwa na S. A. Andrée, walipanda puto kuelekea Ncha ya Kaskazini, wasirudi. Mwaka 1930 mabaki yao yalipatikana kisiwani Kvitøya pamoja na mikanda yao. Mtaalamu wa picha John Hertzberg aliisafisha, akaokoa picha 93, mojawapo ikionyesha puto limelala juu ya barafu.

Baridi ndiyo iliyozihifadhi alama zao. Kwetu joto na unyevu hula alama hizo haraka zaidi. Kwa hiyo ukikuta kamera ya zamani kabatini kwa bibi, mkanda ukiwa bado ndani, usiifungue kwenye mwanga. Urudishe mkanda kwenye kibweta chake, uuweke pakavu penye ubaridi, umtafute fundi anayesafisha bado. Ukiwa wa picha nyeusi na nyeupe, matumaini ni makubwa zaidi.